Hongera kwa Mkeo

Kadi ilitumwa Jumanne. Ilikwenda kwa Gerben Postma, Kanaalstraat namba 40, mjini Leeuwarden, ikampongeza kwa kuwa mke wake Fenna angetimiza miaka thelathini na nne siku ya Ijumaa. Chini, kwa herufi za rangi ya dhahabu, iliandikwa kwamba keki ya familia ingefikishwa siku hiyo kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, Wilgenpad namba 8, Dokkum.

Fenna hakuwa mke wa Gerben tena. Alikuwa amemkimbia miaka mitatu iliyopita, na mtoto mmoja na mfuko mmoja wa nguo, na kwa miaka yote hiyo Gerben hakujua hata yuko mji gani. Sasa alijua mji, alijua njia, alijua namba ya nyumba, na alijua saa ambayo mlango ungefunguliwa.

Hakuna mdukuzi aliyeingia popote. Hakuna kompyuta iliyoibwa. Kadi ilitumwa na Hoogterp, kampuni ya kufuli na kengele za wizi, kampuni ileile ambayo Fenna aliilipa kila mwezi ili Gerben asimpate.

Mtu aliyevuta nyaya za Hoogterp anaitwa Wobbe Dijkema. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na tano, akaenda kuvuta nyaya za simu kwenye mabanda ya ng'ombe ya mkoa mzima wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, kwenye mbolea mpaka magotini, na alipofika Hoogterp hakuwa na cheti hata cha kupasi shati. Lakini alijua waya. Alijua pia kwamba kampuni inayoweka namba za siri za kengele za watu elfu nne, na orodha ya nani amesafiri na atarudi lini, imekalia kitu ambacho wezi wangekilambia midomo.

Kwa hiyo aligawa. Nyaya za buluu zilikuwa za ofisi, barua na hesabu. Nyaya za kijivu zilikuwa za kantini na wageni, mtu yeyote anayekuja na simu yake akitaka kuperuzi. Nyaya za rangi ya chungwa zilikuwa za wateja, na hizo hazikugusana na za kijivu mahali popote. Kati ya buluu na chungwa kulikuwa na njia moja tu, yenye ukaguzi. Ndani ya chungwa kulikuwa na makabati, ndivyo Wobbe alivyoziita hifadhidata, na kila programu ilipewa ufunguo wake. Programu ya ankara iliona jina na anwani, haikuona namba ya kengele. Simu ya fundi iliona nyumba za leo, haikuona za kesho. Kila mtu alinung'unika, na Wobbe alinung'unika zaidi yao.

Halafu kulikuwa na Droo. Droo ilikuwa hifadhidata ndogo, kwenye mashine ya peke yake, yenye watu sitini na mmoja. Hakimu aliyewahi kutishiwa, mwandishi wa habari mmoja, na waliobaki karibu wote ni wanawake waliokimbia wanaume. Nyumba za hifadhi za mkoa mzima ziliwatuma wanawake Hoogterp kwa sababu ya Droo hiyo. Waliokuwa na ufunguo wake ni wawili: Wobbe, na Jorrit wa programu.

Wobbe mwenyewe ndiye aliyekwenda Dokkum kumfungia Fenna kamera. Fenna alikaa kwenye ngazi akimwangalia jinsi anavyotoboa ukuta.

"Picha hizi anaziona nani?" aliuliza.

"Wewe."

"Na anwani yangu huko kwenu, anaiona nani?"

"Mimi na Jorrit. Basi."

"Na bosi wenu?"

"Bosi hana ufunguo. Aliomba, nikamnyima."

"Unamnyimaje bosi?"

"Namwambia hapana, halafu nakunywa kahawa yangu."

Fenna alicheka. Kisha akauliza tena, bila kicheko, "Watu wawili?"

"Watu wawili, dada."

Hiyo ilikuwa ahadi. Hakuna karatasi iliyosainiwa, lakini Wobbe ni mtu wa kukumbuka alichosema, na alikikumbuka.

Kila mwaka, shule zikishafunguliwa na bei za viwanja vya mapumziko zikashuka, Wobbe na mkewe Aukje huifunga nyumba yao ya magurudumu nyuma ya gari, wakaijaza viazi, kahawa na siagi ya karanga kana kwamba Ufaransa watu hawali, wakaenda wiki tatu. Mwaka huu waliondoka mwisho wa Agosti. Wobbe alirudi kazini Jumatatu ya katikati ya Septemba. Kabla hata ya kuvua koti aliingia kwenye chumba cha mitambo, kama mkulima anavyoanza na zizi.

Akaona waya mweupe.

Ulikuwa mfupi, nusu mita hivi, wa aina inayouzwa dukani karibu na betri. Ulitoka kwenye swichi ya kijivu, sanduku ambamo nyaya zote za rangi hiyo hukutana, ukapita mbele ya ile ya buluu bila hata kusalimia, ukaingia kwenye swichi ya chungwa. Wobbe aliuangalia muda mrefu. Nyeupe haikuwa rangi ya kitu chochote katika jengo lile.

Jorrit alikuwa mezani kwake, miguu juu ya kiti cha pili, kikombe mkononi.

"Jorrit, ule waya mweupe ni nini?"

"Karibu nyumbani kwanza. Umeungua kama kaa aliyechemshwa."

"Nimekuuliza ni nini."

"Ni wa skrini."

"Skrini gani?"

"Ya kantini. Bosi alikwenda semina ya huduma kwa wateja, akarudi na wazo. Mteja awe ndugu. Siku ya kuzaliwa mteja, jina lake linatokea kantini, tunampigia simu, anapata kadi na keki. Na si yeye tu, unajua watu wetu. Mumewe naye apongezwe, mkewe, mama yake kama yuko kwenye mkataba."

Hilo halikumshangaza Wobbe. Friesland, na Uholanzi nzima kwa jumla, anayezaliwa hapongezwi peke yake. Ukiingia sebuleni unazunguka viti vyote: hongera kwa mumeo, hongera kwa binti yako, hongera kwa jirani yako, mpaka mtu aliyekuja kusoma mita ya gesi anapewa mkono. Kilichomshangaza kilikuwa kingine.

"Skrini iko kwenye kijivu," alisema.

"Ndiyo."

"Tarehe za kuzaliwa ziko kwenye chungwa."

"Ndiyo, Wobbe. Ndiyo maana kuna waya."

"Umeunganisha kantini na wateja."

"Kwa muda."

"Hiyo programu ya hongera inaingia kwa ufunguo gani?"

Jorrit aliangalia ndani ya kikombe.

"Jorrit."

"Wa mwenye nyumba."

Ufunguo wa mwenye nyumba ulifungua kila kabati, na Droo pia. Uliweza kusoma chochote na kufuta chochote. Ulikuwepo kwa ajili ya siku ya moto au mafuriko, siku ambayo kila kitu kinahamishwa mara moja. Uliandikwa kwenye karatasi, ndani ya bahasha, ndani ya sefu. Jorrit alikuwa ameipa ufunguo huo mashine ya kupongeza watu.

"Una akili sawasawa wewe?"

"Ungetaka nifanyeje? Kumpa ufunguo wake mdogo ni kuandika ruhusa zote upya, nipime, nikuletee usaini. Wiki mbili. Bosi alitaka siku tatu. Na wewe ulikuwa hemani."

"Silali hemani."

"Kwenye kibanda chenye magurudumu basi."

Wobbe aligeuka. Alirudi chumba cha mitambo akaung'oa waya. Dakika hiyohiyo zilisikika sauti za malalamiko kutoka kantini, na dakika mbili baadaye akaja Reinout Hoogterp mwenyewe, mwenye kampuni, mtu mchangamfu anayenukia sabuni ya bei, anayemshika kila mtu begani.

"Wobbe, mzee wangu. Likizo ilikuwaje?"

"Nzuri. Skrini haitarudi."

"Hebu tuzungumze kama watu wazima."

"Mimi ni mtu mzima. Waya ule unamfanya kila mgeni anayekunywa kahawa hapa awe amekaa hatua moja kutoka kwa wateja wote. Na ile programu ina ufunguo unaofungua Droo. Hakuna cha kuzungumza."

"Sikiliza. Jumatano natimiza hamsini. Ijumaa ni sherehe. Mama yangu anakuja, wateja wakubwa wanakuja, meya msaidizi anakuja. Ile skrini ndiyo tunayowaonyesha. Unataka mama yangu, ana miaka themanini na moja, akae aangalie kioo cheusi?"

"Mama yako akitaka picha aletewe albamu."

Jorrit, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka puani. Reinout hakucheka.

"Watu wameandika barua za shukrani, Wobbe. Hamsini na kitu. Kuna mzee wa Sneek alilia kwenye simu kwa sababu hakuna mwingine aliyekumbuka siku yake. Wewe unaona nyaya. Mimi naona watu."

"Walio kwenye Droo ni watu."

"Wameshashughulikiwa. Jorrit, mwambie."

"Nimeweka kichujio," alisema Jorrit. "Aliyemo kwenye Droo hapati kadi, hapati simu, hatokei. Nimepima mara mbili. Haki ya Mungu."

"Umeona?" Reinout alimshika bega. "Ni siku nne. Ijumaa jioni ung'oe hata kwa meno. Lakini sasa hivi naurudisha, au unaurudisha wewe. Kampuni ni yangu."

Wobbe angeweza kusema hapana akanywe kahawa yake. Alikuwa amewahi kufanya hivyo mara nyingi. Siku ile alikuwa amechoka na barabara, alikuwa na barua mia mbili za kusoma, na Jorrit alikuwa ameapa. Hakuna sababu nzuri zaidi ya hizo, na yeye mwenyewe hajawahi kuitafuta. Aliokota waya mweupe sakafuni, akauchomeka kwa mkono wake. Ilikuwa saa tano na dakika kumi asubuhi.

Kichujio cha Jorrit kilifanya kazi kama alivyosema. Fenna hakupata kadi. Lakini Gerben hakuwa kwenye Droo. Gerben alikuwa mteja wa kawaida, kwenye kabati la kawaida, mwenye kengele ya wizi Kanaalstraat. Mkataba wake wa zamani bado ulisema ana mke, na uliandika namba ya mteja ya mke huyo. Namba hiyo ilielekea kwenye Droo. Kwa miaka mitatu haikumsumbua mtu, kwa sababu programu zilizoweza kumwona Gerben hazikuwa na ufunguo wa Droo, zikafika hapo zikakuta ukuta. Programu ya hongera haikukuta ukuta wowote. Ilimtazama Gerben, ikaona ana mke, ikamfuata mke mpaka kwenye Droo, ikasoma tarehe yake, ikasoma anakoishi ili keki isipotee njia, ikarudi ikampongeza mume.

Jumanne asubuhi kadi iliingia posta.

Ijumaa mbele ya lango la Hoogterp alisimamishwa Abrahamu, jitu la nyasi kavu lenye urefu wa mita tatu, limevalishwa suti kuukuu ya Reinout, kwa sababu mwanamume akifika hamsini husemwa kwamba amemwona Abrahamu. Ndani ya kantini viti vilipangwa duara. Watu waliingia wakazunguka, mabusu matatu mashavuni kwa kila mwanamke, mkono kwa kila mwanamume: hongera kwa mwanao, mama Hoogterp, hongera kwa mumeo, hongera kwa bosi wako. Wobbe alipongezwa mara kumi na moja kwa bosi wake. Alipewa kipande cha keki ya maganda ya chungwa, ile yenye sukari ya waridi juu, na akakaa kwenye kiti kilichotazama skrini kwa sababu vingine vilikuwa vimejaa.

Mama Hoogterp alikuwa pembeni yake.

"Wewe ndiye yule mkali?" alimuuliza. "Reinout ananiambia kuna mtu hapa anamkatalia kila kitu."

"Si kila kitu, mama."

"Ungeanza alipokuwa mdogo. Ningekulipa."

Majina yalikuwa yanapanda taratibu kwenye skrini, juu ya picha za baluni. Mteja wa Drachten, miaka sabini. Mteja wa Bolsward, na hongera kwa binti yake. Wobbe alikuwa anatafuna. Kisha likapanda hili:

Bw. G. Postma, Leeuwarden. Hongera kwa mkeo Fenna (34)! Keki iko njiani kwenda Dokkum.

Aliacha kutafuna. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika kumi na nane. Aliisoma tena mpaka ilipopotea juu, akaiweka sahani kwenye mapaja ya mama Hoogterp bila kumwambia neno, akatoka. Kwenye ukumbi alimpigia Fenna. Simu iliita. Aliita jina la Jorrit kwa sauti iliyonyamazisha kantini nzima. Simu ikaendelea kuita. Alifika chumba cha mitambo akaung'oa waya mweupe kwa nguvu mpaka swichi ikasogea, na wakati anaung'oa alijua hausaidii kitu, kwamba anafunga zizi tupu.

Kifaa cha zamu kilichokuwa kiunoni mwake kikalia. Kiliandika: Wilgenpad 8. Kitufe cha dharura.

Yaliyotokea Dokkum yako kwenye maandishi ya polisi, na kamera aliyofunga Wobbe iliyaona yote. Saa nane na nusu Gerben aliegesha gari mwisho wa njia, akakaa ndani. Saa tisa na robo ilifika gari ya mwokaji. Fenna hufungulia watu wanne tu, na mwokaji si mmojawapo. Lakini mtu aliyekuwa mlangoni alikuwa na sanduku lenye nembo ya Hoogterp, ufunguo na ngao, nembo ileile iliyo kwenye kamera yake, na alisema, "Kutoka Hoogterp, dada. Heri ya kuzaliwa." Akafungua. Mwokaji akamkabidhi sanduku kwa mikono miwili, na Fenna alikuwa amelishika kwa mikono miwili wakati Gerben alipopita pembeni ya mwokaji, kadi ikiwa mfukoni mwa shati.

Mwokaji, mtu wa miaka sitini anayeitwa Ids, alifikiri ni ndugu. Alimpa mkono akampongeza.

Alipoona mambo yalivyo alirudi, akapiga kelele, jirani akatoka na jembe la bustani. Polisi walichukua dakika kumi na nne. Sietske, binti wa Fenna, ndiye aliyebonyeza kitufe. Ana miaka saba.

Wobbe alimkuta Fenna hospitali ya Leeuwarden Jumamosi mchana. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye plasta mpaka kiwikoni, jicho moja limevimba likafumba. Wobbe alisimama mwisho wa kitanda, kofia mkononi.

"Kaa," alisema Fenna.

"Nitasimama."

"Kaa, shingo inaniuma kukutazama."

Akakaa.

"Polisi wameniambia ni kadi ya kuzaliwa," alisema Fenna. "Nikawaambia haiwezekani. Nikawaambia namjua fundi, ameniambia watu wawili. Nimekutetea, unajua? Nimekaa hapa na jicho hili nikikutetea."

"Niliurudisha waya mimi," alisema Wobbe.

"Waya gani?"

Akamweleza. Hakuficha Jumatatu, wala saa tano na dakika kumi. Fenna alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa ajili ya sherehe ya bosi."

"Ndiyo."

"Na ile siku uliyoniambia unasema hapana halafu unakunywa kahawa?"

Fenna aligeuzia uso ukutani.

"Alinipongeza," alisema. "Alivyoingia. Alisema hongera, Fenna, kila mtu amekumbuka, mimi tu nilikaribia kusahau, bahati nzuri nimeandikiwa. Sasa nenda. Sikuchukii. Lakini nenda."

Sheria inataka jambo kama hilo liripotiwe kwa mamlaka ya faragha ndani ya saa sabini na mbili. Jumatatu saa nne asubuhi Reinout aliwaita Wobbe na Jorrit ofisini kwake. Nje dirishani Abrahamu alikuwa bado amesimama, amelowa mvua, kichwa kimeinama. Mezani kulikuwa na karatasi iliyoandikwa tayari.

"Nimeiandika na mwanasheria," alisema Reinout. "Sikilizeni. 'Kutokana na hitilafu ya programu, barua moja ilimfikia mtu asiyehusika.' Fupi, safi. Wobbe, wewe ndiye mhusika wa usalama, unasaini hapa."

"Hakuna hitilafu."

"Wobbe."

"Programu ilifanya ilichoambiwa. Ilipewa ufunguo wa kila mlango, ikafungua kila mlango. Hitilafu iko wapi?"

"Hakuna aliyeiba kitu hapa. Hakuna data iliyovuja mtandaoni. Barua moja."

"Ndiyo, hakuna aliyeiba. Tulimpelekea. Tulimbandikia na stempu."

"Nilikwambia kuna kichujio," Jorrit alisema kwa sauti ndogo, bila kuelekea kwa yeyote. "Nilipima."

"Ulipima kwamba Fenna hapati kadi. Fenna alikuwa na haja gani ya kuambiwa anakoishi?"

Jorrit alianza kulia. Wobbe hakumwonea huruma siku hiyo. Alimwonea baadaye kidogo.

Reinout alivua miwani. "Unajua nami silali? Unafikiri nilitaka hivi? Nilitaka watu wajisikie wamekumbukwa. Basi. Tangu lini wema ni kosa?"

"Wema wako ungekwenda dukani ukanunua kadi, ukaandika kwa mkono. Ulitaka wema wa siku tatu, usiokugharimu hata kuuliza. Ulinikuta nimesema hapana. Uliniambia kampuni ni yako. Haya, ni yako. Na hiki nacho ni chako."

"Na wewe uliuchomeka kwa mkono wako."

"Ndiyo. Nitaandika."

Aliandika mwenyewe, saa tatu nzima, kwa vidole viwili, ukurasa mmoja na nusu wenye makosa ya tahajia. Aliandika nani aliamuru, nani alitoa ufunguo, nani alirudisha waya na saa ngapi. Jina lake liko mstari wa nne. Aliipeleka saa nane na dakika tano mchana, saa moja na robo kabla ya muda kwisha. Kisha alikaa akatengeneza ule ufunguo mdogo, wa majina na tarehe tu, kazi ambayo ilisemekana ni ya wiki mbili. Hakukuwa na skrini tena ya kuutumia. Alitaka tu kujua. Ilimchukua saa moja na dakika kumi.

Reinout bado ni mkurugenzi. Jorrit yuko kampuni nyingine, Zwolle. Wobbe aliandika barua ya kuacha kazi mwezi Oktoba, akabaki mpaka Desemba ili awapigie simu watu sitini waliobaki wa Droo, mmoja mmoja, awaambie. Wanne walimkatia simu. Kumi na tisa walihama kampuni. Tisa walihama nyumba, ingawa hakuna aliyewafuata, kwa sababu hawakuweza tena kulala pale. Yule hakimu alimshukuru kwa adabu.

Gerben alipewa miezi kumi na nne. Akitoka atakuwa na miaka thelathini na tisa.

Fenna: mkono wa kushoto umevunjika mahali pawili, vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Kazi ya kushona mapazia, imekwisha kwa sababu ya vidole. Nyumba ya Wilgenpad aliyokaa miaka mitatu, ameiacha na mapazia yake. Shule ya Sietske, ameiacha. Paka mmoja aliyetoka mlango ukiwa wazi siku ile na hakurudi. Majina mawili, la mama na la mtoto, yamebadilishwa. Mkoa mmoja, wameuhama. Anakoishi sasa hakujaandikwa kwenye kompyuta yoyote ya Hoogterp, na Wobbe hakujui.